Barua ya wazi kuhusu dawa za akili wanazopewa watoto walio mikononi mwa Serikali

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ustawi wa jamii na watoto,
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI,
Ndugu Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
Dodoma.

YAH: MAPITIO YA DAWA ZA AKILI KWA WATOTO WALIO KATIKA MAKAO NA MALEZI YA KAMBO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mlezi wa kambo katika Jiji la Dodoma, mmoja wa wale ambao ofisi ya ustawi wa jamii huwapigia simu jioni mtoto anapokosa pa kulala na makao yamejaa. Ninaloleta kwenu ni jambo moja. Mtoto aliye mikononi mwa Serikali, awe kwenye makao ya watoto, kwa familia ya kuaminika au kwa mlezi wa kambo, anaweza kuanzishiwa dawa ya akili, akahamishwa, akahamishwa tena, akaendelea kuimeza mwaka hadi mwaka, na katika safari yote hiyo asiwepo hata mtu mmoja anayejua kwamba ni kazi yake kuuliza kwa nini mtoto huyu anaimeza na kama bado anaihitaji.

Niseme mapema kwamba sipingi dawa za akili. Tunaishi mji mmoja na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na sisi wenyeji tumeona watu wakiingia pale wamefungwa kamba na kutoka wakitembea kwa miguu yao kurudi kwenye kazi zao. Dawa zimewarudishia watu wengi maisha, wakiwamo watoto. Hofu yangu ni dawa isiyo na msimamizi.

Mtoto wa kiume wa miaka 9 aliletwa kwangu na afisa ustawi, akiwa na begi la shule, barua ya kumkabidhi, na bahasha tatu ndogo za dawa, zile za karatasi ambazo dirisha la dawa huzitoa hospitalini. Ya kwanza iliandikwa haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili, 1x2. Ya pili ilikuwa na vidonge vichache vya kupunguza maudhi ya ile ya kwanza. Ya tatu haikuwa na jina la dawa wala jina la mtoto, ila neno moja tu, "usiku", kwa wino uliokwisha kuanza kufutika. Barua ilieleza alikotoka, darasa analosoma na mavazi aliyokabidhiwa nayo, hadi idadi ya soksi. Kuhusu dawa haikuwa na hata mstari mmoja.

Vidonge vya bahasha ya pili vilipoisha, asubuhi moja akiwa anakunywa uji, shingo yake ilipinda kuelekea bega la kushoto na kukaza, macho yakapanda juu yakabaki huko, taya ikajifunga na mate yakawa yanachuruzika. Mtoto alikuwa na fahamu zake zote. Alinishika mkono kwa nguvu lakini hakuweza kusema. Jirani aliyekuja kusaidia alisema hayo ni mashetani, na aliyasema kwa nia njema, kwa maana yeyote asiyewahi kuelezwa habari za dawa hizi angesema hivyohivyo. Tulimkimbiza hospitali. Tabibu alimtazama mara moja akajua kuwa ni haloperidoli, akamchoma sindano, na baada ya muda si mrefu shingo ikalegea. Ndipo akaniuliza maswali matatu: nani alimwanzishia dawa hii, lini, na kwa ugonjwa gani?

Sikuwa na jibu, na hakuna niliyempigia simu aliyekuwa nalo. Makao alikotoka waliniambia dawa alikuja nazo kutoka kwa mlezi wa awali. Ofisi ya ustawi ya wilaya alikookotwa ilisema afisa aliyeshika jalada lake amehamishiwa mkoa mwingine. Hospitali iliyodhaniwa kumwandikia dawa ilitaka namba ya faili ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Kila mmoja aliniongelesha kwa upole, na ninaamini kila mmoja alitimiza sehemu yake kama alivyoielewa. Daktari bingwa aliyempokea baadaye alichukua majuma mengi kuzipunguza dawa zile kidogo kidogo, na hakuona dalili za ugonjwa ambao hutibiwa kwa haloperidoli. Alichokiona ni mtoto aliyepigwa sana usiku akiwa mdogo, ambaye hadi leo ukimgusa akiwa usingizini huamka akipiga kelele na kurusha chochote kilicho karibu. Mahali fulani, mtu fulani aliyechoka aliandika kwamba mtoto huyu ni mkorofi, na baada ya hapo karatasi ile ikapotea na dawa ikabaki.

Kisa cha pili kinaonyesha upande mwingine wa kosa hilohilo. Mlezi mwenzangu alipokea binti mwenye kifafa na msongo mkali wa mawazo, aliyekuwa ametulia vizuri kwa dawa alizoandikiwa na mtaalamu. Alihamishwa wilaya bila kadi na bila akiba ya dawa. Dawa ya kifafa ilikatika ghafla, na kuikatisha ghafla ni hatari inayojulikana kwa kila mhudumu wa afya, kwani kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kuacha. Binti alilazwa. Yeye alinyimwa dawa aliyoihitaji na yule wa kwanza alibebeshwa dawa ambayo huenda hakuihitaji kamwe, na wote wawili walikosa kitu kilekile.

Mtoto anayelelewa na mama yake ana mtu anayekumbuka. Mama anajua dawa ilianza baada ya msiba wa babu, anajua mtoto alianza kunenepa au kutetemeka mikono baada ya kuongezewa kidonge, na ndiye anayemwambia daktari kwamba siku hizi mwanawe anasinzia darasani. Mtoto wa Serikali amepita mikono minne au mitano kabla hajafika darasa la nne, na kila mkono unaompokea unaanza upya. Basi kumbukumbu ambayo mama huibeba kichwani lazima, kwa mtoto huyu, iandikwe, itembee naye, na iwe na mwenyewe anayewajibika nayo.

Naomba nisisitize jinsi dawa hizi zinavyoanza, kwa sababu hapo ndipo msaada unapohitajika kabla ya lawama. Kwenye makao mengi mlezi mmoja wa zamu ya usiku ana bweni zima. Mtoto mmoja akipiga kelele, wote wanaamka. Shuleni mwalimu mwenye darasa lililofurika anaandika barua kwamba mtoto hatulii. Mtoto anayekojoa kitandani anachekwa, anapigana, anaonekana mtukutu. Anapofikishwa kwa tabibu, anayemweleza ni mtu aliyemjua kwa majuma machache, na maelezo yenyewe ni "anasumbua". Tabibu ana foleni ndefu nje ya mlango na dawa ya kutuliza iko kabatini. Hakuna mwenye nia mbaya katika mnyororo huu, na ndiyo maana hauwezi kukatwa kwa kumfukuza mtu kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, unaojulikana kama mhGAP, unawaelekeza wasimwandikie mtoto dawa kwa ajili ya tatizo la tabia, bali waanze na kumsaidia mlezi namna ya kumlea, na wampeleke kwa mtaalamu pale inapobidi. Tabibu wa kituo cha afya kule Bahi au Chemba atawezaje kuufuata iwapo hana wa kumpelekea mtoto, na aliyemleta hajui hata historia yake?

Na dawa zenyewe si pipi. Haloperidoli na klopromazini hukaza misuli na kuleta kutetemeka, na vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi na kupinda shingo kama nilivyoeleza. Risperidoni na olanzapini huongeza uzito na zinaweza kuvuruga sukari mwilini, na risperidoni humfanya mvulana mwingine aote matiti, jambo ambalo kwa mtoto wa bwenini ni mateso ya kila siku ambayo hatamwambia mtu. Sodiamu valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa baadhi ya magonjwa ya akili, ina hatari kubwa kwa mimba, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Nani anampima uzito mtoto wa makao kila baada ya miezi mitatu na kulinganisha na alivyokuwa siku ya kuanza dawa? Nani anamketisha binti wa miaka 14 aliye kwa mlezi na kumweleza hayo?

Haya niombayo Tanzania imekwisha kuyakubali. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, inampa mtoto aliyewekwa na mamlaka mahali fulani kwa ajili ya malezi, ulinzi au matibabu ya mwili au akili haki ya kufanyiwa mapitio ya mara kwa mara ya matibabu yake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala ya mwaka 2009 inasema kwamba kumdhibiti mtoto kwa dawa lazima kutokane na hitaji la tiba, na kusifanyike kamwe bila tathmini na cheti cha dawa kutoka kwa mtaalamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, inampa mtoto haki ya kusikilizwa, na inaibebesha serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Kinachokosekana ni hatua ya kuyashusha maneno haya hadi kwenye bahasha ya dawa.

Nchi zilizochelewa kuchukua hatua hiyo zimejifunza kwa uchungu. Marekani, ambako malezi ya kambo ni mfumo mkubwa na wa siku nyingi, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa chini ya uangalizi wa jimbo la Florida alijiua mwezi Aprili 2009 baada ya kupewa dawa kadhaa za akili, na kamati iliyoundwa kuchunguza ilikuta kwamba sheria ya jimbo ya kupata ridhaa ya mzazi au ya mahakama haikufuatwa. Desemba 2011 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao, GAO, ilitoa ripoti kuhusu majimbo matano ikitumia takwimu za mwaka 2008: watoto wa malezi ya kambo waliandikiwa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 zaidi ya watoto wengine waliokuwa kwenye bima hiyohiyo ya serikali. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka, kwa kuwa watoto hawa wamepitia makubwa na wengi wanahitaji tiba kweli. Lakini wakaguzi walikuta pia watoto waliopewa dawa tano au zaidi kwa pamoja, na wengine wachanga wasiofikisha mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 2011 ikayataka majimbo yaweke utaratibu wa kusimamia dawa hizi. Hata hivyo, mwaka 2018 mkaguzi mkuu wa wizara yao ya afya aliangalia tena majimbo matano na kukuta kwamba mtoto mmoja kati ya watatu waliokuwa wakipewa dawa hizo hakuwa na mpango wa tiba au ufuatiliaji ambao majimbo yenyewe yaliutaka. Utaratibu uliandikwa, lakini hakukuwa na mtu wa kuufuatilia mtoto kwa mtoto. Sisi tuna nafasi ya kuanza na mtu huyo.

Waheshimiwa, najua hoja itakayofuata: uwezo. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, maafisa ustawi wana pikipiki zisizo na mafuta, na Mkoa wa Dodoma peke yake una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022. Yote ni kweli. Lakini nchi hii imeweza jambo gumu kuliko hili. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ana kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo. Ana tarehe ya kurudi, uzito wake unaandikwa kila anapohudhuria, akihama anapewa barua ya uhamisho, na asipotokea anatafutwa. Haya yanafanyika kwa watu zaidi ya milioni moja, hadi kwenye vituo vya pembezoni. Watoto walio makaoni na kwa walezi wa kambo ni kundi dogo mno ukilinganisha na hao, na wanaotumia dawa za akili ni wachache zaidi ndani yake.

Kwa hiyo ninaomba kadi ya dawa ya mtoto, itolewe siku dawa inapoanza na ikabidhiwe pamoja na mtoto kila anapohama. Ioneshe jina la dawa, kipimo chake kwa miligramu pamoja na uzito wa mtoto siku hiyo, dalili zilizosababisha aanzishiwe, jina na sahihi ya aliyemwandikia, dalili za hatari ambazo mlezi aziangalie, na tarehe ya mapitio. Afisa ustawi asiruhusiwe kumhamisha mtoto anayetumia dawa bila kadi hiyo na bila dawa za kumtosha hadi afike kliniki ya kule aendako. Nakala ikae kwenye jalada lake la shauri, ili afisa akihamishwa jalada liendelee kusema.

Ninaomba pia ijulikane ni nani anayeridhia. Mzazi akiwa hai na anapatikana, aulizwe, kwani mtoto kuwa makaoni hakumfuti mama yake. Asipopatikana, ridhaa itolewe kwa maandishi na afisa ustawi wa halmashauri baada ya kuelezwa na tabibu, wala isiachwe kwa mlezi wa zamu wala kwangu mimi. Mlezi anayelala na mtoto anayepiga kelele ana sababu ya kutaka usiku utulie, na haifai yeye ndiye awe mwamuzi wa mwisho. Huko California sheria ya mwaka 1999 ilimpa hakimu wa mahakama ya watoto mamlaka haya. Kwetu Mahakama ya Watoto inaweza kubaki kwa mashauri mazito, kama mtoto wa chini ya miaka 6, dawa mbili au zaidi za akili kwa wakati mmoja, au pale mzazi na afisa wanapokataliana. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Yule wa kwangu, daktari alipomuuliza dawa inamfanyaje, alisema inamfanya asikie watu wakiongea kwa mbali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumuuliza.

Mapitio yafanyike kila baada ya miezi mitatu. Si lazima mtoto asafirishwe kutoka Kondoa au Mpwapwa kila mara. Timu ya Mirembe na ya hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kupita kwa kliniki mkoba, na katikati ya ziara tabibu wa wilaya akawasiliana na bingwa kwa tiba mtandao akiwa na kadi mkononi. Swali la kwanza la mapitio liwe kama dawa hii bado inahitajika, kwa sababu ilivyo sasa hospitali huulizwa kama dawa zimeisha ili ziongezwe. Fedha zake si nyingi, lakini zisipotengwa kwenye bajeti ya halmashauri kwa jina lake zitatumika kwingine, kama inavyotokea kwa mafuta ya pikipiki za ustawi.

Kamishna akusanye kila mwaka idadi ya watoto wanaotumia dawa hizi katika kila mkoa, umri wao, aina za dawa na sababu, na aitangaze bila majina. Pasipo idadi hiyo, Bunge halina cha kuuliza na wizara hazina cha kupangia.

Jambo la mwisho ni mafunzo. Kwa watoto wengi dawa isingeanza kabisa kama mlezi angefundishwa cha kufanya mtoto anapoamka kwa hofu: asimguse, awashe taa, amwite kwa jina kutoka mbali, asubiri. Mimi nilifundishwa hayo na muuguzi mmoja kwenye benchi la kliniki, ndani ya muda mfupi, bure. Hayo yangeweza kufundishwa kwenye kila makao ya Dodoma mwaka huu kwa kutumia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ambazo tayari zipo hadi ngazi ya kata.

Ninaomba wizara zenu tatu zikae pamoja kabla ya Bunge la bajeti na kumtaja afisa mmoja atakayeshika jambo hili, kwa sababu likigawanywa kwa watatu litakosa mwenyewe kama walivyokosa watoto niliowaeleza. Sisi walezi wa kambo wa Jiji la Dodoma tuko tayari kuanza kuitumia kadi hiyo kwa majaribio hata ikiwa ni karatasi ya kawaida iliyogongwa muhuri wa halmashauri, na tuko tayari kuja Mji wa Serikali, Mtumba, kueleza tuyaonayo nyumbani siku yoyote tutakayoitwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mlezi wa kambo,
Kata ya Nkuhungu, Jiji la Dodoma.